Ukoko Ulioota Tawi

Kinondoni, alasiri

Zuhura mwanangu,

Salaam utazipata kesho kwa mdomo, uwanja wa ndege Kipawa, mbele ya watu. Hapa naandika kwa hasira, na sitaki kuzichanganya.

Umetoka saa tisa kwenda Temeke kumuaga shangazi yako, ukafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Mie si mgonjwa. Nimekaa mezani, pasi ya mkaa imepoa, gauni lako la safari limenyooshwa upande mmoja, na ile fomu yako ya chuo iko mbele yangu. Nimeiona nilipokuwa nakunja vitu vyako. Kazi ya baba: mpakiaji mizigo bandarini. Sawa. Kazi ya mama: mfagizi.

Nilipokuuliza hukusita hata kidogo. Ulisema, "Mama, ndivyo kitabu chako cha kazi kinavyosema. Nimenakili tu." Kisha ukaniambia nisikuze mambo, maana huko Ulaya hakuna atakayejali mama wa mtu anafanya nini. Ukachukua mkoba, ukaondoka.

Nimenakili tu. Mtoto niliyemfundisha kutazama kabla hajajua kusoma, leo ananakili.

Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula, wala wanaume. Shangazi yako anayo maneno hayo ya kukutosha mpaka urudi, na najua hapa ninapoandika ameshaanza. Mie nitakuandikia habari za mawe, kwa kuwa ndiyo unayokwenda kusomea, na kwa kuwa jiwe la kwanza uliloshikishwa maishani mwako ulishikishwa na huyo mfagizi.

Ni kweli niliajiriwa kufagia. Uhuru ulikuwa bado mchanga na wewe ulikuwa mgongoni, nikapata kazi katika lile ghala la mawe pale Kurasini. Magunia ya mawe ya chokaa yalikuwa yakiletwa kutoka vilima vya pwani, mengine kutoka kwetu Lindi, na kazi yangu ilikuwa kuondoa vumbi lake. Alikuwapo Mzungu mmoja mrefu, magoti mekundu kama pilipili, tukimwita Bwana Mtaalamu. Yeye alitaka vitu vidogo vilivyomo ndani ya mawe yale. Alikuwa amewapa wanaume wawili kazi ya kuviosha, wakavisugua kama masufuria, debe zima likawa unga. Siku moja akaniona naosha glasi. Alisimama mlangoni hata nikamaliza zote, akaenda akarudi na mswaki mpya na karai, akanionyesha kwa mikono. Kuanzia siku hiyo niliosha mie. Mwaka mzima sikuvunja hata kimoja. Muulize mtu yeyote aliyekuwapo pale, kama bado yupo.

Unajua nilichokuwa naosha, lakini acha nikwambie tena, kwa sababu inaonekana umesahau. Kwenye karatasi zao wanaitwa brayozoa. Ni wadudu wa baharini, wadogo kuliko chawa, waliokufa zamani kiasi kwamba Bwana Mtaalamu aliponitajia miaka nilicheka nikadhani Kiswahili kimemshinda. Kila mmoja alijijengea chumba chake cha chokaa ubavuni mwa chumba cha mwenzake, wakatumia ukuta mmoja, hata mji mzima ukaenea juu ya gamba la kombe. Nyama zimeoza, vyumba vimebaki vikawa mawe, ndivyo hivyo visukuku. Kwa jicho tupu unaona jiwe lenye chunusi. Kwa lenzi unaona mtaa.

Bwana Mtaalamu alikuwa na trei nne kubwa za mbao, na kila kilichooshwa kiliingia katika mojawapo. Waliotandaa bapa juu ya kombe, trei yao. Waliosimama kama matawi, yao. Waliofumana kama wavu, yao. Waliojiviringa donge, yao. Wale wa kutandaa alikuwa na jina lao refu la kizungu, nikamwambia Bwana, huu ni ukoko, kama wa wali. Akacheka sana. Akaandika lebo: UKOKO. Neno lile kwenye trei ya serikali lilikuwa langu, Zuhura. Mie niliyeishia darasa la tatu, ambaye mwandiko huu unaousoma niliupata ukubwani katika kisomo cha watu wazima. Mwalimu wetu wa kisomo alitutaka tuandike habari za kazi zetu. Nikaandika ukurasa mzima habari za ukoko wa baharini. Akapiga mstari mwekundu juu yake, akaandika pembeni: ukoko hupatikana chunguni. Nilikwenda kesho yake na lenzi na jiwe. Alinipa kumi juu ya kumi, na akaomba radhi mbele ya darasa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nataka ujue kwamba nilikuwaga hivyo, kabla sijafika mahali pa kuniaibisha.

Mkataba wa Bwana Mtaalamu ukaisha, akaenda kwao. Kiti chake akapewa mtu wetu, nitamwita Bwana Sefu, na jina lake halisi halikuhusu. Kijana msomi, shati jeupe kila siku. Tulipiga makofi alipokaa kwenye kile kiti, na mie nilipiga kuliko wote. Nilijiambia, huyu hatanionyesha kwa mikono, huyu nitaongea naye.

Nikaongea naye. Kwa wakati ule nilikuwa nimeanza kuwajua wale wadudu kwa sura, kama unavyowajua watu wa mtaani. Nikaona jambo. Trei ya ukoko na trei ya matawi zilikuwa na vyumba vya aina moja. Mdomo wa chumba ule ule, mviringo wenye kipengo chini kama tundu la kufuli. Juu ya mdomo kofia ile ile, kile kijumba walimowekea mayai yao. Kando ya mdomo vishina viwili vya miiba iliyokatika, daima viwili. Na ndani ya trei moja ya matawi mlikuwa na matawi yanayofanana kama pacha, lakini ukiweka lenzi, moja limejengwa kwa vyumba vya sanduku na jingine kwa vijibomba. Hao hata ujirani hawana. Nikamwambia Bwana Sefu, tumewapanga vibaya, tumewapanga kwa umbo la mji badala ya kuangalia nyumba.

Alikuwa anasoma gazeti. Alisema, "Mama Zuhura, wewe fagia."

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa nzuri. Ilinipeleka nyumbani. Kesho yake nilikwenda kazini nimebeba furushi, nikamtandikia mezani mkeka wa bibi yako na kawa ya kufunikia chakula, vyote alivisuka marehemu mama yangu kwa ukili mmoja, namna moja ya kupitanisha miyaa. Nikaweka na kawa nyingine niliyonunua sokoni. Nikamwambia, bwana, kawa mbili hizi umbo moja, na mkeka umbo lake mbali. Lakini hesabu miyaa ilivyopitana. Mkono uliosuka mkeka ndio uliosuka kawa hii. Ile nyingine imesukwa na mtu ambaye hata hatukuwahi kusalimiana naye. Mtu asiyejua kusuka atakwambia kawa na kawa ni ndugu. Msusi ataangalia ukili.

Bwana Sefu aliuinamia ule mkeka. Alihesabu kweli, kwa kidole. Ndipo nikamtolea lile jiwe.

Jiwe lenyewe ni hilo unaloegeshea dirisha la chumbani kwako. Chini ni ukoko uliotandaa juu ya kombe, na katikati ukoko umeinuka ukaota tawi, tawi limekatika likabaki kisiki. Vyumba vya chini na vya juu ni vile vile, mdomo ule ule, kofia ile ile, miiba miwili. Mji mmoja, maumbo mawili, na trei zetu zilikuwa zimeutenganisha. Bwana Sefu alilitazama kwa lenzi. Baada ya wiki mbili akaniambia niwapange wote upya, kwa midomo na kuta na kofia, kama nilivyosema. Alisema "kama tulivyosema."

Nilifanya kazi ile tangu mwezi wa mfungo hadi mvua zikaja zikaisha. Nilichambua kama ninavyochambua mchele, kwanza sanduku au bomba, halafu mdomo, halafu ukuta kama ni mzima au umetobolewa vitundu, halafu kofia ipo au haipo. Wengine walinishinda, nikawaweka peke yao nikawaambia ngojeni. Chini ya kila kimoja kulikuwa na kijikaratasi nilichokiandika mie, chenye jina la kilima kilikotoka na tabaka lake, na nilipokihamisha nilihamisha na kijikaratasi chake. Ulikuwa mdogo, nilikuwa nakuletea lenzi Jumapili unatazama kiganja chako unapiga kelele. Niliimba nikipika. Baba yako alinidhihaki kwamba nimeolewa mara ya pili na mawe.

Sasa hapa ndipo unapojua hadithi ya kabati. Baba yako huwasimulia wageni: kabati la ghalani liliwa na mchwa, likaanguka usiku mmoja, kazi yote ya Mama Zuhura ikamwagika, jamani pole. Nawe umeisimulia shuleni. Kabati halikuanguka. Lilikuwa la mninga, liko pale mpaka leo.

Walikuja wageni kutoka wizarani, watu sita. Bwana Sefu aliwasimamisha mbele ya trei zangu. Alisema viumbe hawa walianza vijiji vya ujamaa kabla yetu, wageni wakacheka. Alisema Mzungu aliwapanga kwa umbo la nje kwa sababu Mzungu alikuwa na haraka, lakini yeye, Sefu, aliangalia nyumba. Alisema hata habari ya kawa na mkeka. Mkeka wa mama yangu, Zuhura. Alisema, "Kama bibi zetu walivyosuka." Mie nilikuwa nyuma yao nimeshika birika la chai.

Kumbe mmoja wa wageni alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani. Hakucheka na wenzake. Alikuwa ameinamia trei, anatazama vijikaratasi, na mwandiko ule ulikuwa wangu, wa kisomo, herufi kubwa kubwa kama za mtoto. Alinyanyua uso akanitazama mikono. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na wewe mama, kazi yako hapa ni nini?"

Wote wakageuka. Bwana Sefu naye akageuka. Hakunikonyeza, hakunitisha, nikisema alinitisha nitakuwa namsingizia. Alisubiri tu kama wengine. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu na aliyeufungua alikuwa mwanamke mwenzangu.

Nikasema, "Nafagia."

Yule mama akasubiri kidogo, labda nitaongeza. Nikammiminia chai.

Basi umelijua sasa. Neno lile hukulinakili kwenye kitabu cha kazi. Nililisema mie kwanza, kwa sauti yangu, mbele ya watu sita, nikiwa sijalazimishwa na mtu. Miaka yote hii nimemkasirikia Bwana Sefu kwa sababu yeye ni rahisi kumkasirikia. Leo nilipoliona kwa mwandiko wako, nilikuwa tayari kukuzaba kofi, mtu mzima, msafiri. Kofi lile si lako.

Lakini sijamaliza. Aibu yangu ingeishia hapo ingekuwa na nafuu.

Wageni walipoondoka Bwana Sefu aliwasindikiza mjini. Nilibaki peke yangu kuosha vikombe. Niliviosha vyote, nikavifuta, nikavipanga. Mikono ilikuwa imetulia kabisa, ndiyo maana nakwambia usiiamini hasira iliyotulia mikono. Kisha nikaenda kwenye trei, nikainua ya kwanza, nikaimwaga juu ya meza. Nikainua ya pili nikaimwaga juu yake. Zote. Nikavuruga kwa mikono miwili kama mtu anayekoroga zege. Nilijiambia, haya, simama sasa uwaeleze nyumba.

Asubuhi Bwana Sefu alifungua mlango akaona. Alitazama meza, akanitazama mie nikiwa na ufagio. Akafunga mlango nyuma yake. Nilingoja anifukuze, na nilikuwa na maneno yangu tayari. Akasema, "Tuseme kabati limeanguka."

Ni hayo tu. Angenifukuza angelazimika kueleza ni nani atakayewapanga tena. Nami nikakubali, kwa hiyo kuanzia siku ile tukawa tunasema uongo mmoja, yeye na mie, kama mume na mke.

Niliwapanga tena. Usidhani sikuweza. Vyumba havidanganyi, mdomo ni mdomo, kofia ni kofia, kila mmoja nilimrudisha kwenye ukoo wake, na safari hii kwa haraka zaidi. Lakini vile vijikaratasi vilikuwa vimetawanyika. Ukoo niliurudisha. Kwao sikuweza kuwarudishia. Jiwe linakwambia lilivyojengwa, halikwambii lilitoka kilima gani, na jiwe lisilo na kwao halina kazi kwa wasomi. Walijaribu kukisia, wakaacha. Mwisho wakayapakia kwenye toroli, wakayamwaga uani pamoja na kokoto, na magari yakapita juu yake. Nilifagia vumbi lililobaki. Siku hiyo nilikuwa mfagizi kweli.

Lile moja la dirishani nililiokota uani nikalificha kwenye kanga. Nimelitazama miaka yote. Nililiosha mwenyewe, nililitoa guniani kwa mkono wangu, na zamani nilijua lilitoka wapi. Lindi? Au vilima vya huku karibu? Sijui, Zuhura. Nilikuwa najua na sasa sijui, na hakuna chuo duniani kitakachokwambia.

Utakutana na akina Sefu huko. Watakuwa wazuri wa mavazi na maneno, na wengine watakuwa wema. Sikwambii uwagombeze. Nakwambia mambo mawili niliyoyalipia kwa mikono yangu. Mtu akikuuliza kazi yako, mjibu yote, hata kama umeshika birika. Na ukikasirika, ondoka kwenye trei. Vunja kikombe, nenda kalie chooni, niandikie mie matusi. Kazi yako usiiguse.

Kule ghalani tulikuwa na kanuni moja aliyotuachia Bwana Mtaalamu, nami niliipenda kuliko zote. Lebo yenye kosa haitupwi wala haifutwi, maana nayo ni sehemu ya habari za jiwe. Unaandika jina jipya juu yake kwa penseli, na herufi za jina lako pembeni. Linabaki la penseli mpaka mtu wa pili achukue lenzi, atazame mwenyewe, akubali. Hapo ndipo linatiwa wino.

Fomu yako nimeirudisha ndani ya bahasha. Neno lako sikulifuta. Nilifagia kweli, na hakuna ghala Kurasini nzima lililong'aa kama lile. Juu yake nimeandika kwa penseli: mchambuzi wa visukuku. Nilitaka kuandika mpangaji, nikaona watadhani nimepanga chumba. Herufi zangu nimezitia.

Jiwe nimelifunga katika soksi zako za sufu, katikati ya sanduku, na lenzi iko nalo. Dirisha litaegeshwa kwa kipande cha tofali. Ukitoka Temeke utakuwa na muda, kaa kitandani ulitazame, chini kwanza halafu kisikini, uhesabu miiba. Mtu wa pili ni wewe. Kalamu yako ya wino imo mfuko wa kushoto wa koti, na kifutio kimo humo humo, sikukificha.

Bado nimekasirika, usinikumbatie ukifika. Sasa nawasha mkaa upya, gauni lako lina upande mmoja haujanyooshwa.

Mama yako,
M. S.